Mali bila daftari: gari la mtumba na historia yake

Leo naiweka kompyuta kando kidogo nizungumzie magari. Usiondoke, ndugu msomaji. Ukifika mwisho utaona ni mambo yale yale tunayoongea hapa kila siku: data, nani aliiandika, aliiandika lini, na kama inaaminika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2022 mjomba wangu alichukua mkopo wa sacco anunue gari. Anakaa upande wa Mukurweini, ana ng'ombe wa maziwa na kahawa kidogo, na nyanya alikuwa anatakiwa kliniki Nyeri mjini mara mbili kwa mwezi. Matatu zilikuwa zimemchosha nyanya, na mjomba amechoka kuomba watu magari. Akapata Subaru Forester ya mwaka 2006 hapa Nyeri, rangi inang'aa, viti safi, na kwenye dashibodi kilomita 96,000. Akanipigia simu: "Wewe umesoma kompyuta, njoo unikagulie makaratasi."

Nikaenda na kiburi chote cha mtu mwenye digrii. Nikalitafuta gari kwenye mfumo wa NTSA. Jina la mwenye gari likalingana na kitambulisho chake. Hakuna benki iliyokuwa inalidai. Namba ya chesi ikalingana na ile iliyopigwa kwenye bodi. Fundi tuliyekwenda naye akaisikiliza injini, akaliendesha mpaka Ruring'u na kurudi, akasema liko sawa. Nikamwambia mjomba, "Lipa." Akalipa.

Miezi mitatu baadaye, wakipanda mlima kutoka Mukurweini kuja Nyeri, nyanya akiwa kiti cha nyuma, injini ilizima ghafla. Haikukohoa, haikuwasha taa ya onyo. Ilizima tu, na ilipojaribiwa kuwashwa ikazunguka kwa wepesi wa ajabu kama kitu kilicho tupu ndani. Gari likavutwa hadi gereji. Fundi wa pale, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akafungua boneti, akauliza swali moja: "Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?"

Hakuna aliyejua. Na hilo ndilo jambo ninalotaka tuliongee leo.

Kwa wasiojua, niseme kwa ufupi. Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na kuna vali zinazofunguka na kufunga. Lazima vitu hivi viwili viende kwa mpangilio. Kwenye injini nyingi za Toyota ndogo za siku hizi, kama zile za Fielder na Probox, mpangilio huo unashikwa na cheni ya chuma. Kwenye Forester za wakati ule unashikwa na mkanda wa mpira. Mpira huzeeka. Kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, au mapema zaidi ukiwa umekaa miaka mingi. Ukikatika gari likiwa linakimbia, pistoni zinagonga vali, vali zinapinda, na injini imekwisha. Mkanda hauna tabia ya kulalamika kabla ya kukatika. Kwa hiyo fundi wetu wa kwanza hakudanganya aliposema injini iko sawa. Siku ile ilikuwa sawa. Hakuna sikio duniani linaloweza kusikia umri wa mkanda.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma. Yule mzee alipofungua kifuniko cha plastiki, alinionyesha stika ndogo iliyobandikwa pale tangu Japani. Mafundi wa kule wana desturi nzuri: wakibadilisha mkanda, hubandika stika kwenye injini yenye tarehe na kilomita. Nikaipiga picha, simu ikanitafsiria. Mkanda ulibadilishwa mwaka wa 24 wa Heisei, kilomita 101,000.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Ukiona Heisei, jumlisha 1988. Ukiona Reiwa, jumlisha 2018. Kwa hiyo Heisei 24 ni 2012. Gari liliingia Kenya 2013. Yaani gari lililokuwa na kilomita 101,000 mwaka 2012 lilikuwa na kilomita 96,000 mwaka 2022! Katika miaka 10, mingi yake ya kupanda na kushuka milima ya Kenya, gari hilo lilikuwa limetembea kilomita hasi 5,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu ataikataa, lakini mimi nilikuwa sijaiona kwa sababu sikufikiria kuitafuta. Nilikuwa nimekagua nani ni mwenye gari. Sikukagua gari limeishi vipi.

Mjomba aliuza mtamba mmoja akanunua injini nyingine ya mtumba. Kabla ya hapo gari lilikaa chini ya mparachichi miezi mitano, na kila mwisho wa mwezi sacco ilikata pesa yake bila huruma. Nyanya akarudi kwenye matatu. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Naomba sasa tuangalie neno lenyewe linalotupoteza. Sisi Wakenya tunasema "gari lina logibuku safi." Mtu yeyote aliyefanya kazi na seva anajua logi ni nini: ni orodha ya mambo yaliyotokea, moja baada ya lingine, kila jambo na saa yake. Logibuku yetu haina hata mstari mmoja wa namna hiyo. Ni cheti cha umiliki tu. Inasema gari ni la nani, ni aina gani, injini ya ukubwa gani, limesajiliwa lini. Haisemi oili ilibadilishwa lini, haisemi gari liligongwa, haisemi kilomita. Ni kama kununua kampuni ya programu baada ya kukagua nani amesajili jina la tovuti, bila kufungua hata faili moja la programu zenyewe.

Na zile kilomita kwenye dashibodi? Hizo ni namba moja. Kwa lugha ya kazi yetu, ni kigezo kimoja ambacho kila mtu mwenye kifaa anaweza kukiandika upya, na thamani ya zamani haibaki popote. Hatungekubali benki ihifadhi akaunti zetu hivyo, iandike salio tu bila kuonyesha pesa ziliingia lini na kutoka lini. Lakini tunatoa shilingi laki saba au milioni moja kwa kuamini namba ya aina hiyo hiyo.

Nani aliirudisha nyuma mita ya gari la mjomba sijui, na aliyetuuzia huenda hata yeye aliuziwa hivyo hivyo. Ndiyo maana simlaumu. Bila rekodi huwezi kumlaumu mtu, na huwezi kumsafisha pia. Muuzaji mwaminifu na muuzaji mwongo wanafanana kabisa.

Kuna watu wataniambia: mbona unasumbua, angalia kilomita chache na rangi nzuri, inatosha. Kwenye miji yetu hii ya Mlima Kenya haitoshi hata kidogo. Fikiria Probox inayobeba miraa, mboga na watu tisa kila siku, na Probox ya karani anayetoka Kamakwa kwenda ofisini mjini na kurudi. Zote mbili zinaweza kuwa na kilomita 150,000. Ya kwanza imepanda milima ikiwa imejaa, imeshuka ikiunguza breki, imekula vumbi la barabara za majani chai. Ya pili imelala uani. Gari linaloamka Nanyuki au Nyeri asubuhi ya Julai, baridi kali, likawashwa na kupandishwa mlima hapo hapo kabla oili haijapata moto, linachakaa tofauti na lile la Mombasa. Kisha kuna gea boksi za CVT kwenye Fielder, Axio, Note na nyingine nyingi za siku hizi. Hizo zinataka oili yake maalumu. Ukiweka oili ya kawaida ya gea za otomatiki kwa sababu ni rahisi, gari litaendelea kutembea vizuri kwa muda, litauzwa likiwa linatembea vizuri, na litamfia mnunuzi. Kilomita hazikuambii lolote kati ya haya. Daftari ndilo linalosema.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu yangu kununua. Nilikuwa na chaguo mbili, zote Fielder za mwaka 2012. Moja ilikuwa kwa broka hapa Nyeri, kilomita 118,000, inang'aa kama imetoka melini jana, na historia yake ilikuwa maneno matatu: "Ilikuwa ya mama." Nyingine ilikuwa kwa mwalimu mstaafu huko Karatina. Kilomita 214,000, bampa ina mkwaruzo, kiti cha dereva kimechoka, na bei iko juu kwa shilingi 40,000.

"Mwalimu," nikamuuliza kwa heshima, "mbona bei yako iko juu na gari limetembea hivi?"

Hakujibu. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule, lile la mistari, limefunikwa kwa gazeti kama tulivyokuwa tukifunika vitabu vya shule ya msingi. "Soma kwanza, kijana wangu, halafu tuongee bei."

Nikasoma. Kila kilomita 5,000 oili na filta, tarehe, jina la gereji, bei. Plagi. Pedi za breki za mbele, mara nne. Oili ya CVT mara mbili, na risiti yake imebanwa kwa stepla. Lakini kilichonifanya ninunue ni ukurasa wa mwaka 2020. Aliandika kwa mkono wake kwamba radieta ilitoboka karibu na Sagana, mshale wa joto ulipanda, akasimama, akazima injini, akavutwa. Radieta mpya, gasketi ilikaguliwa, haikuungua.

Hebu fikiria. Muuzaji ananipa mwenyewe habari mbaya ya gari lake. Sisi tunaoandika programu tunajua logi isiyo na kosa hata moja ni ya kutiliwa shaka: ama haijawashwa, ama kuna mtu ameisafisha. Gari la miaka 12 lisilowahi kuharibika halipo. Daftari lenye ajali zake ndani ndilo daftari la kweli. Nililipa zile 40,000 za juu, na marafiki zangu wakanicheka kwa kununua "gari la mileji ya matatu." Mpaka leo nimeliongezea zaidi ya kilomita 30,000 na halijanilaza njiani. Mjomba ndiye pekee ambaye hakucheka.

Najua pingamizi zitakazokuja, kwa hiyo nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Rekodi zinaweza kughushiwa." Ni kweli. Lakini kughushi namba moja kwenye dashibodi ni kazi ya dakika chache, na kughushi miaka minane ya maandishi ni kazi ngumu. Lazima tarehe zipande, kilomita zipande nazo, bei zifanane na bei za mwaka huo, risiti ziwe za maduka yaliyokuwepo. Ukiona daftari zima limeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa siku moja, ondoka. Tena si lazima uamini daftari peke yake. Kwenye Git ukibadilisha kitu cha zamani, kila kilichofuata hakilingani tena. Gari nalo lina mashahidi wengi waliotawanyika, na ni vigumu mtu mmoja kuwahonga wote. Karatasi ya mnada wa Japani ina kilomita. Cheti cha ukaguzi kabla ya gari kusafirishwa kuja Kenya kina kilomita. Stika za oili kwenye fremu ya mlango zina kilomita. Ikiwa gari lilikuwa na bima kubwa, mthamini aliandika kilomita kwenye ripoti yake. Omba hivyo vyote, vipange kwa tarehe, uone kama mstari unapanda au kuna mahali umeanguka.

Ya pili: "Mafundi wetu wa jua kali hawaandiki, kwa hiyo ukidai rekodi hutanunua gari kamwe." Hili nalikubali nusu. Fundi wangu ni hodari kuliko gereji nyingi zenye vigae, na sijawahi kumwona na kalamu. Lakini tazama tunavyomlipa. Tangu M-Pesa ianze 2007, pesa nyingi za gereji zinapita kwenye simu. Kila malipo yana tarehe, saa, kiasi na jina. Taarifa ya miezi iliyopita unaweza kuiomba kwenye simu yako mwenyewe. Muuzaji akikuambia amefanya servisi kila miezi mitatu kwa fundi fulani, mwombe akuonyeshe malipo hayo tu, mengine ayafiche, ni siri yake. Halafu mpigie fundi simu. Si rekodi kamili, kwani haisemi ni oili gani iliyowekwa, lakini inasema gari lilifika gereji. Kwa gari lisilo na kitu kingine, hiyo ni nusu mkate.

Ya tatu: "Wewe ni mtu wa programu, tuandikie programu ya simu ya kuweka rekodi hizi." Nimeombwa hivyo mara nyingi na nimekataa. Ziko tayari, na watu huzisakinisha Jumamosi na kuzisahau Jumatatu. Simu ikipotea, historia ya gari imepotea nayo, na mnunuzi hawezi kukabidhiwa. Mwalimu wa Karatina alitumia daftari la bei ya chai na mandazi, na lilimwongezea bei ya gari kwa shilingi 40,000. Sijawahi kuandika programu yenye faida ya namna hiyo. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, aina ya spea au oili, jina la fundi, bei. Vitu sita. Piga picha kila ukurasa ujitumie kwa barua pepe ili uwe na nakala. Basi.

Ila kuna kitu kimoja ambacho daftari haliwezi, na hapo naigeukia serikali. Ubelgiji tangu mwishoni mwa 2006 wana mfumo unaoitwa Car-Pass. Gereji zinaripoti kilomita kila gari linapohudumiwa, na anayeuza gari lililotumika lazima ampe mnunuzi hati yenye orodha hiyo. Uingereza, mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, akaona matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka na kilomita zilizosomwa siku hiyo, kuanzia 2005.

Sisi tayari tunayo nusu ya kazi. Kuhamisha umiliki kunafanyika kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, muuzaji anaanzisha na mnunuzi anathibitisha. Ongeza kisanduku kimoja tu: kilomita za siku ya mauzo, pande zote mbili zikubali, na kisifutike. Anzia na kilomita zilizo kwenye cheti cha ukaguzi gari linapoingia nchini, maana zimeshaandikwa tayari na zinakaa kwenye faili. Nimefanya kazi na hifadhidata za kutosha kujua kwamba safu moja kwenye jedwali si mradi wa mabilioni. Haitazuia wizi wote. Lakini gari lililorudishwa nyuma litalazimika kudanganya mbele ya mashahidi.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe ndiye mfumo. Ukienda kununua gari, liwe la yadi, la broka au la jirani, swali la kwanza lisiwe "limetembea kilomita ngapi?" Uliza, "Naomba nione limetunzwa vipi." Kisha nyamaza. Akitoa daftari, soma taratibu. Akitoa maneno, toa kwenye bei gharama ya kila kitu ambacho hakijulikani: mkanda, oili zote, maji ya breki, plagi. Mkanda wa Forester pamoja na kazi ungemgharimu mjomba shilingi 20,000 hivi kama ungebadilishwa wiki ya kwanza. Tulikuwa tunazo. Hatukujua tu kwamba tunatakiwa kuzitumia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Forester ya mjomba bado inatembea na injini yake ya pili. Kwenye droo ya dashibodi sasa kuna daftari jipya, na ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: MKANDA, tarehe, kilomita. Chini yake ameandika kwa herufi ndogo: "kilomita za kweli hazijulikani." Siku atakapoliuza, mnunuzi wake atausoma mstari huo, na huenda akaomba apunguziwe bei. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Apunguziwe. Mimi sikupunguziwa."